Asili ya Neno "Trump" na Ndugu Yake Turufu

Karani aliyezoea kufasiri barua za Kiingereza hawezi kulikwepa neno hili "trump", ambalo maana yake ni kumpiku mshindani. Wengi wetu hulifasiri kwa kushinda, kisha tukaendelea na kazi. Twaona haitoshi.

Asili yake ni "triumphus", maandamano waliyofanyiwa majemadari wa Rumi waliporudi na ushindi. Katika karne ya 15 Waitalia waliupa mchezo wao wa karata jina litokanalo na neno hilo. Wafaransa wakalipokea, na mwaka 1529, Hugh Latimer alipohubiri Cambridge kwa mfano wa karata, Waingereza walikuwa wamekwisha kulizoea. Wareno nao husema "trunfo". Hao ndio waliofika pwani yetu mwaka 1498, na kwao tulipata karata, kopa, shupaza, na turufu yenyewe. Basi "trump" si mgeni kwetu, ni ndugu wa turufu. (Asije mtu akasema kwamba Karatu nayo yatoka katika karata, kufanana kwa sauti si ushahidi.)

Sasa tazameni mchezo. Ikiwa turufu ni shupaza, karata ndogo ya shupaza humpiku mfalme wa kopa, wala si kwa ukubwa wake, ila kwa sababu shupaza iliteuliwa kuwa turufu kabla ya karata kuchezwa.

Jambo hili ni zito huko Ngorongoro. Tangu mwaka 1959, ilipotengwa na Serengeti, nchi hiyo iliwekwa kwa ajili ya wafugaji na wanyama wa porini pamoja, na tangu hapo hapajakoma kuulizwa haja ya nani itangulie. Ikija barua isemayo kwa neno hilo kwamba haja moja yaipita nyingine, na karani akawasomea wazee "imeshinda", wao watadhani pande zote mbili zilipimwa nguvu, na mmoja ukazidiwa. Akisema "ndiyo turufu", mzee atauliza papo hapo: Nani aliyeiteua, na lini? Swali hilo ni haki yake, na tafsiri ya haraka humnyima.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Karatu na Ngorongoro, wakikutana na neno hilo, waandike turufu bila haya, hata kama mkubwa wa ofisi ataona kuwa ni neno la barazani.