Chipukizi wa besiboli na bei ya ahadi

Kila mfanyabiashara anajua tofauti ya mahindi yaliyo ghalani na mahindi yaliyo bado shambani. Ya ghalani unayapima kwenye mizani na kulipa bei ya leo. Ya shambani unalipia mvua ambayo haijanyesha. Wiki hii safu hii inamtazama mfanyabiashara ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kununua mazao yakiwa shambani, nayo ni klabu ya besiboli ya Marekani. Sababu ni kwamba wasomaji wetu wengi wenye mtaji mdogo hushawishiwa kila siku kununua ahadi, iwe hisa za kampuni changa au kiwanja katika mji unaosemekana utakua. Anayewashawishi huwasimulia habari za mtu mmoja aliyefanikiwa. Hesabu ya shamba zima hawapewi.

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina klabu 30. Tangu mwaka 2021, chini ya kila klabu zipo timu 4 za ligi ndogo zinazocheza msimu mzima, yaani timu 120 kwa jumla. Kila mwaka klabu huteua vijana kwa zamu, raundi 20. Kwa miaka mingi klabu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza; kuanzia uteuzi wa 2023 nafasi za juu hupatikana kwa bahati nasibu. Aidha, klabu husajili vijana wa umri wa miaka 16 kutoka nchi kama Venezuela na Jamhuri ya Dominika. Kijana hupanda daraja baada ya daraja, na wengi huishia njiani. Washabiki nao husoma orodha za chipukizi bora kama ninyi mnavyosoma bei za hisa, na hubishana nani atapanda na nani atashuka.

Tuitazame Houston Astros. Mwaka 2011 ilipoteza mechi 106, mwaka 2012 ikapoteza 107, na mwaka 2013 ikapoteza 111 kati ya 162. Wenye klabu waliamua kubana matumizi, kuwauza wachezaji waliokomaa na kujaza kitalu. Kwa kushika mkia, walipata nafasi ya kuchagua wa kwanza nchi nzima miaka mitatu mfululizo. Hapo ndipo penye somo, ndugu msomaji.

Mwaka 2012 walimteua Carlos Correa na kumlipa dola milioni 4.8, wakati nafasi ile ilikuwa imekadiriwa dola milioni 7.2. Sehemu ya akiba hiyo iliwasaidia kumsajili mrushaji Lance McCullers, aliyekuwa wa 41 kuchaguliwa, kwa dola milioni 2.5. Wote wawili walizaa matunda. Mwaka 2013 walimteua mrushaji Mark Appel kwa dola milioni 6.35. Huyo hakuichezea Houston hata mechi moja ya ligi kuu. Aliuzwa, akaacha mchezo, akarudi, na alifika ligi kuu mwaka 2022 akiwa na klabu nyingine na umri wa miaka 30. Kijana aliyechaguliwa wa pili mwaka huo, Kris Bryant, alikuwa bingwa na Chicago Cubs mwaka 2016. Mwaka 2014 Houston walimteua Brady Aiken, wakatia shaka kiwiko chake, na mkataba ukavunjika. Kwa kumkosa walipewa nafasi ya pili mwaka 2015, wakampata Alex Bregman, aliyekuja kuwa nguzo ya timu.

Hebu tupige hesabu. Klabu yenye wapelelezi, madaktari na vitabu vya takwimu ilichagua wa kwanza mara tatu. Mmoja alilipa, mmoja hakulipa, na wa tatu hakusaini kabisa.

Sasa geuza ukurasa. Mchezaji aliyeibeba timu hiyo kuliko wengi, José Altuve, alisajiliwa kutoka Venezuela mwaka 2007 kwa dola 15,000 tu. Mara ya kwanza alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ufupi wake. Mwaka 2017 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Na mwezi Machi 2014 klabu hiyo hiyo ilimwachia J.D. Martinez aondoke bure. Mwaka 2018 Martinez alikuwa katika kikosi cha Boston kilichoitoa Houston na kutwaa ubingwa. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Katika besiboli, nyota nyingine huonekana alasiri, na nyingine iliyong'aa asubuhi hufunikwa na wingu kabla ya saa sita.

Houston walitwaa ubingwa mwaka 2017. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba msimu ule walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera, na klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5. Mavuno yaliingia doa. Hata hivyo wengi waliiga njia yao. Baltimore Orioles walipoteza mechi 115 mwaka 2018, 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021, huku wakisifiwa kwa kitalu bora. Mwaka 2023 walishinda mechi 101, lakini katika mchujo wa ubingwa wakafungwa mara tatu mfululizo na kutolewa. Mwaka 2024 walitolewa tena bila kushinda mechi ya mchujo, na mwaka 2025 walipoteza mechi 87. Miche ilistawi kweli. Ubingwa haukuja.

Msomaji mmoja atasema: basi na mimi nivumilie kama klabu. Hapo ndipo sikubaliani naye. Klabu huvumilia kwa sababu ina mambo matatu ambayo mwenye duka hana. Kwanza, ina chipukizi zaidi ya mia, hivyo mmoja akiumia bega hasara yake inafidiwa na mwingine. Pili, ina mapato ya televisheni na viingilio yanayoendelea kuingia hata timu ikifungwa. Tatu, ina muda wa miaka mitano au sita. Mwenye duka ana chipukizi mmoja, fedha yake ni ada ya shule ya watoto, na kodi ya fremu inadaiwa mwisho wa mwezi. Uvumilivu wa namna hiyo si mkakati. Ni kubahatisha.

Upande wa pili yuko anayeuza ahadi. Mchezaji wa ligi ndogo ni maskini kuliko wengi wanavyodhani. Hadi mwaka 2022 kima cha chini katika daraja la juu kabisa la ligi ndogo kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka, na mwaka 2023 mkataba wa chama cha wachezaji ulikipandisha hadi dola 35,800. Katika njaa hiyo huingia wanunuzi. Fernando Tatis Jr., akiwa kijana wa ligi ndogo mwaka 2017, aliingia mkataba na kampuni ya uwekezaji. Iliripotiwa kuwa alipewa dola milioni 2 kwa asilimia 10 ya mapato yake ya baadaye. Mwaka 2021 San Diego Padres walimpa mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Mwaka 2025 alikwenda mahakamani kuupinga mkataba ule wa kwanza. Wakulima wa kahawa wa Kagera hawahitaji mkalimani hapa. Hiyo ni butura, kuuza kahawa ikiwa bado ua. Na mnunuzi wa butura hanunui mti mmoja. Kampuni ile imenunua kwa mamia ya wachezaji, ili mmoja alipie waliokauka.

Ushauri wa safu hii ni mfupi. Ukitaka kununua ahadi, nunua ndogo ndogo nyingi kwa fedha usiyoihitaji kesho, na uziweke pembeni ya biashara inayokulisha leo. Anayekuletea jina moja tu, muulize habari za wenzake kumi walioanza naye siku ile ile. Akikosa jibu, funga mkoba wako. Na kama wewe ndiye unayeuza ahadi kwa sababu ya njaa, uza debe moja, usiuze shamba.

Houston walikosea kwa dola milioni 6.35 na bado wakafungua milango asubuhi iliyofuata. Kabla ya kutoa fedha yako, jiulize kama na wewe utaweza kufungua.