Binti Haondoki Bure

Makamanda, mwaka 2024 pale nyumbani Lisekese bibi yangu, aliyepooza upande mmoja, alihudumiwa na mabinti wanne. Wa nne aliaga msimu wa korosho ulipoanza. Majirani wakasema, "Mabinti wa siku hizi wavivu."

Wavivu? Huyo binti aliamka usiku kumgeuza bibi, akamwogesha, akafua mashuka, akapika. Amri ya Mishahara ya 2022 ilimwekea anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Elfu mbili kwa siku! Tulimlipa hiyohiyo. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na kazi ya usiku ina nyongeza. Nani alizihesabu hizo saa? Hata mimi ninayesoma sheria sikuzihesabu. Naona aibu.

Ila baba ni mkulima, atoe wapi zaidi? Zanzibar wazee wa miaka 70 wanapata pensheni tangu 2016, hata ambaye hakuwahi kuajiriwa. Bibi kalima korosho maisha yake yote, hapati hata senti. Serikali iache kuwatwisha mabinti maskini mzigo wake. Pensheni kwa wazee wote Bara, sasa!