Mzigo Hubebwa kwa Vituo

Mwezi huu naongea na wewe uliyeko Tabora, ambaye mwenzi wako ana saratani ya mapafu. Zamani mliendesha baiskeli pamoja hadi Kwihara. Leo kutoka chumbani mpaka sebuleni tu, anahema. Unamfanyia kila kitu, naye anakununia. Usidhani hakupendi. Anajiona hana kazi tena ndani ya nyumba.

Wakumbuke wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi, na kutua mzigo njiani haukuwa uvivu. Ndivyo walivyofika.

Basi pangeni siku hivyo hivyo. Saa anazokuwa na nguvu, afanye jambo moja analolipenda. Kuoga au kumenya viazi, akae kitini. Apumzike kabla hajachoka kabisa. Matembezi mafupi uani yanasaidia. Kulala kutwa huongeza uchovu. Daktari naye aambiwe, maana uchovu mwingine unaletwa na upungufu wa damu, na huo unatibika. Pumzi ikibana ghafla, hospitali mara moja!

Kesho asubuhi muulize: “Leo nguvu zako tuzitumie wapi?” Akishajibu, mwachie afanye mwenyewe, hata akichelewa.