Kompyuta ya bei kubwa inashindwa na joto la Walikale

Majuzi nilikuwa Walikale-centre na habari ya haraka: daraja la mbao limekatika, magari hayapiti. Kompyuta niliyokuwa nayo ni ya bei kubwa, nyembamba kama daftari, ndugu mmoja aliituma kutoka Ulaya. Nikaanza kukata sauti. Punde feni ikapiga kelele, mashine ikawa moto kama pasi, na kazi ya dakika tano ikachukua karibu nusu saa. Kipindi cha jioni kikapita bila habari ile. Kesho yake wamama walibeba ndizi zao mpaka mtoni, wakarudi nazo.

Wenzangu walisema ni virusi. Hapana. Prosesa, ndiyo akili ya kompyuta, ikikaribia digrii 100 hivi inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Huo ni ulinzi, si ugonjwa. Lakini mashine nyembamba ina nafasi ndogo ya kutoa joto. Kule vilima vya Masisi, kwenye baridi, mashine ileile inafanya kazi vizuri, ila usiiweke juu ya blanketi, maana matundu yake yanazibwa. Walikale ni chini, msituni, kuna joto na unyevu, na vumbi la barabara linaziba feni.

Shida hii haiko kwetu tu. Mwezi wa saba 2018, Apple iliomba radhi kwa sababu kosa la programu lilipunguza mwendo wa MacBook Pro mpya zilipopata joto, ikatoa marekebisho.

Kinachoniuma ni hiki. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, inatoa tantali ya vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya mashine hizi. Kasiterite ya Bisie, Walikale, inatoa bati la kuunganisha vipande hivyo. Vijana wetu wanaingia mashimoni, wengine hawatoki. Halafu mashine inarudi kwetu kwa bei ya ng'ombe kadhaa, na haivumilii joto la mahali madini yake yalipotoka.

Kwa maoni yangu, watengenezaji waandike kwenye karatoni mwendo ambao mashine inashika kwa saa nzima ndani ya chumba chenye joto, si ule wa dakika ya kwanza tu. Na sisi wa redio za jamii, pamoja na wanaotusaidia, tuache kununua jina. Tuchukue mashine nene kidogo, inayofunguka kwa bisibisi, feni yake isafishwe kila baada ya miezi michache. Iwekwe juu ya meza ya mbao, mbali na jua, na programu zisizo na kazi zifungwe.

Mimi nimeanza. Kompyuta yangu ya sasa ni nzito na haipendezi, lakini habari ya daraja ingefika jioni ileile.