Mwalimu, Jiwe Hilo Liachwe Lilipo

Mwalimu mpenzi, siku moja huenda mwanafunzi akakuletea kigae au jiwe lililochongwa aliloliokota mtoni. Je, utamsifu au utamkanya?

Msifu kwa jicho lake kali, kisha akuonyeshe alipolitoa. Kitu cha kale kikihamishwa bila kuandikwa kililala wapi, hupoteza ushahidi wake. Ndiyo sababu kule Olorgesailie mashoka mengi ya mawe waliyoyagundua Louis na Mary Leakey mwaka wa 1942 yameachwa palepale, na wageni huyatazama kutoka darajani. Tena sheria ya mwaka wa 2006 yakataza kuchimbua mambo ya kale bila leseni.

Mambo haya mwalimu hujifunza kwa mikono. Likizo ikikaribia, yaandikie makumbusho yaliyo karibu nawe, uulize kama kuna warsha ya akiolojia kwa walimu, na kama mtapewa mwiko na chekeche. Maneno matupu hayatoshi.

Wala usiseme huna digrii ya somo hilo. Marehemu Kamoya Kimeu hakupitia chuo kikuu. Kazi aliijulia uwanjani, na mwaka wa 1984 akagundua, karibu na Ziwa Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Ukirudi shuleni, jaza sanduku udongo tabaka kwa tabaka, fukia vigae, na watoto wavichore kabla ya kuvitoa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.