Baba, Umelipa Shule: Nani Analea Mtoto?



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo nilikaa kwenye baraza ya shule moja, nikisikiliza wazazi waliokuja kuandikisha watoto. Baba mmoja alifika na kijana wake wa miaka tisa. Direktere akamwambia kwa upole kwamba mwaka uliopita mtoto huyu aliiba kalamu za wenzake, tena alimtukana mwalimu. Baba akajibu bila haya: «Ndiyo sababu ninamleta kwenu. Mimi nimenunua mavazi, nimenunua madaftari. Kulea ni kazi yenu.» Akapanda pikipiki, akaenda zake. Wazazi waliokuwa pale wakatikisa kichwa, si kwa kumlaumu, bali kwa kumkubali.

Neno hilo ndilo ninalotaka kupigana nalo leo. Simpigi baba yule peke yake, kwani alisema kwa sauti kubwa jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimya kimya. Mtoto haji Misa: katekista ni mvivu. Mtoto hana heshima: walimu wa siku hizi hawafai. Msichana amepata mimba: masista wa internati hawakulinda mlango. Kila mara kosa ni la mtu mwingine, na mtu huyo mwingine si yeye aliyemzaa.

Niwaulize, ninyi wababa na wamama wakristu. Siku ya ubatizo wa mtoto wenu, padri alimwuliza nani kama anafahamu wajibu wa kumlea katika imani? Hakumwuliza direktere. Hakumwuliza katekista. Aliwauliza ninyi, mbele ya watu wote, nanyi mkaitikia kwamba mnafahamu. Kisha mkaenda kula mchele na nyama, na wengi wenu mkaacha neno lile palepale kanisani pamoja na mshumaa.

Desturi hii mbaya haikuanza jana. Kabla ya shule kuja, mtoto alifundishwa na wale waliomzaa. Jioni, karibu na moto, baba na babu walimwonyesha kijana namna ya kuwapokea wageni, namna ya kugawa nyama, na maneno yasiyosemwa mbele ya wakubwa. Msichana alijifunza kwa mama na nyanya. Wamisionari wakaleta shule, na shule ilikuwa zawadi kubwa. Mimi mwenyewe nisingeandika mstari huu bila shule. Lakini wazee wetu waliona kwamba anayesoma anapata mshahara, wakawatoa watoto kama mtu anayempa fundi cherehani kitambaa: nipe shati, nitarudi siku ya kulichukua. Tena tuseme kweli, hata wamisionari walikosa kidogo hapa. Wengine walifurahi kuwaweka watoto internati, mbali na kijiji, wakifikiri kwamba kijijini hakuna ila upagani. Hivyo tuliuzima moto ule wa jioni, na mahali pake hatukuweka kitu.

Nchi yetu ilipata fundisho lake mapema. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu. Mwaka 1974 ilifuta sikukuu ya Noeli katika siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka huohuo ikanyang'anya madini shule zao zote. Somo la dini likaondolewa darasani, mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama. Basi, kwa miaka ile miwili na zaidi, hata mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yaliyorudisha shule mikononi mwa madini, nani aliwafundisha watoto Baba Yetu? Pale palipokuwa na mama aliyesali, watoto walisali. Pale ambapo kila kitu kilikuwa kimeachiwa mwalimu, hakikubaki kitu. Wale waliokuwa watoto siku zile leo ni wababu na wanyanya. Waulizeni.

Fundisho la pili tulilipata juzi tu. Mwezi wa tatu 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, serikali ilifunga shule zote na makanisa pia. Mwezi wa nane walirudi wale wa mitihani ya mwisho. Wengine walingoja mwaka mpya wa masomo, mwezi wa kumi. Miezi ile watoto walikuwa nyumbani kutwa kucha, na sisi tulilalamika kama watu waliotupiwa mzigo wa jirani. «Watoto hawa watatuua! Shule itafunguliwa lini?» Watoto wenyewe! Damu yetu! Ilikuwa kama kwamba Mungu ameturudishia kile tulichokuwa tumekiazima kwa wengine, nasi hatukujua tukishike wapi. Najua vema kwamba jamaa nyingi zilikuwa na njaa, kwani soko na mipaka vilifungwa, na tumbo tupu halina uvumilivu. Lakini hata wale waliokuwa na chakula waliwapa watoto telefone, wakafunga mlango.

Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali hailipwi, nayo ni haki: sheria kubwa ya nchi, ile ya mwaka 2006, inaiagiza hivyo katika sehemu ya 43. Zamani wazazi walilipa hata sehemu ya mshahara wa walimu, na watoto wa maskini walifukuzwa mbele ya macho ya wenzao. Mzigo ule ulipoondolewa, madarasa yakajaa. Mwalimu mmoja sasa anaweza kuwa na watoto mia moja mbele yake, watatu au wanne kwa benchi moja. Na wewe unataka yeye ajue kwamba mwana wako ameanza kusema uongo? Atajua namna gani? Hata jina lake halijui bado.

Tazameni sasa jamaa ile ya Nazareti. Yesu alipokuwa na miaka 12 alibaki hekaluni katikati ya waalimu, na wote walistaajabia majibu yake. Kama shule ingetosha, angebaki pale: wapi pengine kulikuwa na waalimu wakubwa kuliko wa Yeruzalemu? Lakini Mama yake alimtafuta siku tatu kwa uchungu, pamoja na Yosefu. Hawakusema, «Yuko kwa wakubwa wa dini, tumwache.» Naye akarudi pamoja nao kwenye nyumba ya fundi wa mbao, akawatii. Hekalu halikuchukua nafasi ya nyumba ile. Je, shule yetu yenye bati linalovuja itachukua nafasi ya nyumba yako?

Mtaguso wa Vatikano ulitamka jambo hili wazi tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko lake juu ya malezi ya kikristu: wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa, na kazi yao ikikosekana ni shida sana mtu mwingine kuijaza. Na kabla ya hapo, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels aliwafundisha watu wa Jamaa kwa Kiswahili maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Baadaye Jamaa ilipata magumu na maaskofu. Hayo si shauri langu leo. Lakini neno uzazi alilishika vizuri. Kuzaa hakuishi siku ya kuzaa.

Huko Marekani ziko jamaa za kikristu zisizopeleka watoto shuleni kabisa: baba na mama wanawafundisha nyumbani kusoma, hesabu na dini, na sheria za kila jimbo zinawaruhusu. Ujerumani, kinyume chake, sheria inakataza. Sisemi tuwafuate hao Wamarekani. Mama wa kwetu aliyekwenda shambani alfajiri na kurudi na kuni kichwani hawezi kufundisha hesabu ya darasa la sita, na mtoto asiyesoma shuleni katika nchi hii anaibiwa. Lakini wale wamechukua yote juu ya mabega yao, na sisi hatutaki kuchukua hata alama ya msalaba!

Mnajibu: «Sikusoma. Nitafundisha nini?» Utafundisha yale ambayo hayamo kitabuni. Mama asiyejua kusoma anapopima unga sokoni bila kudanganya, na binti yake amesimama karibu, anafundisha amri ya saba vizuri kuliko mimi na ubao wangu. Baba anapomwomba mke wake radhi mbele ya watoto, anafundisha kitubio. Musa aliwaagiza Waisraeli wawaambie watoto wao amri za Mungu nyumbani na njiani, wakilala na wakiamka. Hakuagiza kwanza wapate diploma.

«Sina wakati.» Wa mpira unapatikana. Wa bia unapatikana, hata siku ambayo mshahara haujafika.

Msidhani kwamba nasema hivi kwa sababu nyumba yangu ni safi. Nilifundisha miaka mingi, watoto wa watu, asubuhi darasani na siku ya posho katekisimu. Mwana wangu wa tatu alipofika kwenye mtihani wa Komunyo ya kwanza, katekista alimwomba aseme Salamu Maria. Akaanza, akasimama katikati. Akaanza tena. Kisha akanitazama mimi, niliyekaa nyuma pamoja na wazazi, na watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimefikiri mama yake amemfundisha. Mama yake alifikiri ni mimi, mwalimu. Sote wawili tulifikiri ni katekista.

Hakupokea Komunyo mwaka ule. Tangu jioni ile tulikaa jikoni, mama yake akichagua sombe, mimi na mtoto kwenye kigoda, tukisali rozari fungu moja tu, kwani zaidi ya hapo alisinzia. Mwaka uliofuata akarudi mbele ya katekista. Salamu Maria aliisema yote. Swali la pili, juu ya Roho Mtakatifu, lilimshinda kidogo, na jioni ile tulipowasha moto tulianzia hapo.