Ukuta Una Alama ya X, Daftari Halina



Wapendwa waamini, juma hili tulipita kwa miguu katika barabara kuu ya mji wetu wa Newala, tukasimama mbele ya hoteli moja ndogo ambayo wengi wenu mnaifahamu. Tunasema hoteli kwa maana yetu ya nyumbani: meza tatu, mabenchi, na jiko la kuni uani. Asubuhi hupatikana chai na ming'oko iliyochemshwa. Mchana ugali wa muhogo, mbaazi na kisamvu cha nazi. Juu ya mlango lipo bango lililochorwa kwa mkono: kikombe kinachofuka moshi, samaki katika sahani, na chini yake onyo tunalolijua sote, kwamba leo ni fedha taslimu na mkopo ni kesho. Kando ya mlango huo sasa imechorwa alama ya X.

Tusieleweke vibaya. Barabara ya lami kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210, tumeiombea kwa miaka mingi. Tumezika mama wajawazito ambao gari lao lilikwama kwenye mchanga. Tumeona korosho zikilala njiani wakati wa mvua. Asiyeitaka lami hiyo hajawahi kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Swali letu si kama barabara ipite, bali ni nani anayekumbukwa inapopita.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana zipo X za rangi mbili: nyekundu kwa asiyestahili fidia, ya kijani kwa anayestahili. X ya hoteli hii ni ya kijani, nasi twashukuru. Lakini ukuta ni wa mwenye nyumba; mama anayepika ni mpangaji. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja hata faida iliyopotea, kwa hesabu ya miezi 36, ikithibitishwa pale inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa. Na hesabu za mama huyu zimo katika daftari la shule, lililofungwa kwa uzi na kufichwa nyuma ya debe la unga.

Daftari hilo ndilo linaloikanusha bango. Bango lasema hakuna mkopo. Daftari limejaa majina. Sote twajua sababu yake. Katika nchi ya korosho fedha huja kwa msimu: minada huanza mwezi wa Oktoba, na kabla yake mkulima hana kitu mfukoni ila neno lake. Msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachelewa, ni nani aliyewalisha vibarua, wapiga debe na wanafunzi waliopanga vyumba mjini? Hawakulishwa na benki. Walilishwa na akina mama wa namna hii, Waislamu na Wakristo, ambao hawakuuliza mtu anasali wapi, waliuliza tu ni mtoto wa nani. Na pamoja na sahani waliweka bilauri ya maji bila malipo, hapa kwenye uwanda wa Makonde ambako vizazi vya wanawake vilishuka bondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Bwana wetu alisema thawabu ya kikombe cha maji haipotei. Sisi je, tumeiandika wapi?

Wako vijana wanaocheka mabango ya zamani, herufi zake zilizopinda na samaki wake mwenye macho ya mtu. Mabango mapya huchapwa kwa kompyuta, yanang'aa, na picha za vyakula ambavyo jikoni havipo. Hatuwezi kudai mtu abaki na rangi iliyopauka ili sisi tufurahie kumbukumbu zetu. Hata hivyo fundi aliyechora yale ya zamani alimchora samaki aliyekuwa akikaangwa pale pale ndani, na mpita njia alijua anakaribishwa na nani.

Basi tunaomba mambo mawili. La kwanza ni letu wenyewe: kila mmoja ajiulize kama jina lake limo katika daftari lolote la barabara ile, akalipe kabla jengo halijavunjwa, maana mdai akihama, deni hugeuka kuwa wizi usio na shahidi. La pili tunawaomba viongozi wetu wa mji: stendi na masoko yanapopangwa upya, wapishi hawa wapewe nafasi kwanza, kwa kodi wanayoiweza, karibu na watu waliowazoea, wala si pembezoni ambako hakuna apitaye.

Nasi hatukuwa watakatifu katika jambo hili. Tulipoomba daftari lile tuliangalie, tulikuta chai mbili na chapati nne za mwezi wa Agosti, zimeandikwa kwa unyenyekevu: Padri. Tumelipa, tukaomba radhi. Mama alicheka, akatuongezea bilauri ya maji.

Tunawatakia Dominika njema.